Kifuniko Kiinuke Kiasi Gani?

Mzee Kerezo alikuwa na masikio ya kazi. Alikuwa fundi wa kukereza vyuma, na kwa kusikiliza mashine tu alijua kama kisu chake kimekuwa butu. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumatatu, akiwa sebuleni anavaa viatu, alisikia vizuri kilichokuwa kinaendelea uani. Mpini wa pampu ulishuka mara moja. Ukashuka mara ya pili. Mara ya tatu ulishuka kwa kujikokota, halafu kimya.

Alisubiri mara ya nne. Haikuja.

Akatoka na kiatu kimoja mguuni. Mkewe alikuwa ameegemea mpini kwa kifua, macho kwenye ndoo yake ndogo ya lita kumi. Maji yalikuwa yamefika robo ya ndoo tu.

"Usinipe pole," mkewe alisema bila kugeuka. "Ukinipa pole nakurushia ndoo."

"Sikupi pole," alisema Mzee Kerezo. "Nimekuja kutafuta kiatu changu."

Mama huyu alikuwa mshonaji wa matakia ya viti. Mwaka uliopita kiharusi kilimpitia upande wa kulia. Mguu ulirudi. Ulimi nao ulirudi, tena na nguvu mpya, kama mumewe alivyopenda kuwaambia wageni. Lakini mkono wa kulia ulirudi nusunusu. Uliweza kushika kitambaa na kukiongoza kwenye cherehani. Kwenye pampu ulishindwa, na wa kushoto peke yake haukuuweza mpini ule mzito.

Muuguzi wa mazoezi alimwambia asiulaze mkono. Autumie kila siku, kidogo kidogo, kwa kazi isiyomzidi nguvu. Naye akajiwekea lengo lake mwenyewe: ipo siku ataijaza ndoo ile ndogo bila msaada wa mtu. Ndoo ilihitaji mipigo kumi na miwili ya mpini. Kila asubuhi alijaribu, na kila asubuhi aliishia mpigo wa tatu.

Sasa mambo yalikuwa yamefika pabaya. Binti yao, mtoto wao wa pekee, aliishi mji mwingine, mwendo wa saa saba kwa basi. Alikaa ghorofani, na maji ya bomba yalikuwa ndani. Mwezi uliopita pipa la jikoni kwa wazazi wake liliisha maji mchana, Mzee Kerezo akiwa karakana. Mama alikwenda kupiga pampu peke yake, akateleza, akakaa chini uani mpaka jirani alipomsikia. Hakuvunjika popote. Lakini binti alipopata habari alilia kwenye simu. Kisha akasema atakuja Jumamosi ya wiki hii, na kama mama bado hawezi kujipatia hata ndoo moja ya maji, ataondoka naye.

"Baba, usiudhike," alisema. "Wewe unashinda kazini. Nani atamwokota siku nyingine?"

Mzee Kerezo hakuudhika. Alijua binti anasema kweli, na ndiyo maana maneno yale yalimuuma. Miaka thelathini na minne alikuwa ameishi na mwanamke yule. Hakujua mtu anakaaje ndani ya nyumba isiyo na sauti ya cherehani. Mkewe naye hakusema anataka kwenda wala hataki. Alianza tu kumaliza kazi za wateja haraka haraka, mchana na jioni, kama mtu anayejiandaa kufunga duka. Hilo lilimtisha mzee kuliko kama angemwona analia.

Jioni hiyohiyo aliifungua pampu.

Alihisi kwamba tatizo liko kwenye vali, na hapo hakukosea. Pampu yao ya mkono ilikuwa na vali mbili zinazofanana, moja chini ya silinda na nyingine ndani ya pistoni. Alizikereza mwenyewe zamani, alipokuwa bado na nywele. Kila vali ilikuwa sahani nene ya shaba yenye tundu la duara katikati. Juu ya tundu kulikuwa na kifuniko bapa. Mgongoni mwa kifuniko kulikuwa na kijiti cha chuma, na kijiti hicho kilikiongoza kifuniko kupanda na kushuka bila kuyumba. Maji yakija kutoka chini hukisukuma kifuniko juu, yakapita. Yakitaka kurudi hukibana chini, njia ikafungwa. Vali ya namna hii ni mlango wa kwenda tu, hauna ruhusa ya kurudi.

Mzee Kerezo akawaza kama wanavyowaza mafundi wengi. Pampu ni nzito kwa sababu maji yanapita kwa shida. Maji yanapita kwa shida kwa sababu tundu ni dogo. Basi apanue tundu. Jumanne alizipeleka vali karakana, akazifunga kwenye mashine. Matundu yalikuwa na upana wa milimita thelathini na mbili. Akayapanua mpaka milimita arobaini, akakereza na vifuniko vipya vya kutosha kuyafunika. Vijiti na vikorokoro vyake vingine alivirudisha vilevile vilivyokuwa.

Jumatano asubuhi pampu ilikuwa imesimama tena. Mkewe aliingia uani na ndoo yake. Mzee alisimama nyuma, mikono mfukoni, akijifanya anatazama paa la jirani.

Mpigo wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Wa tano ulifika nusu, mkono ukakataa.

"Nafuu ipo, Fundi," mkewe alisema.

Hakuwahi kumwita jina lingine tangu siku za uchumba. Lakini mzee aliijua sauti ile. Ni ileile aliyoitumia kusifia chakula siku mzee anapopika. Alimsaidia kukaa, akampangusa jasho shingoni, akaenda kusimama nyuma ya nyumba peke yake kwa muda mrefu.

Alhamisi hakwenda kazini. Alifungua pampu tena, akaziweka vali mbili juu ya meza ya sebuleni, akakaa mbele yake. Alitaka kupanua matundu zaidi. Lakini ukingo wa shaba ulikuwa umebaki mwembamba, na akizidisha, kifuniko hakitakuwa na pa kukaa. Zilibaki siku mbili, na fundi mzima hakujua afanye nini. Kando yake mkewe alikuwa kwenye cherehani, akimalizia takia la duara la bluu.

Saa nne hodi ilipigwa. Alikuwa mwenye takia, mama wa miaka arobaini hivi, fundi wa pampu za maji. Mtaa mzima ulimwita Spana, kwa sababu spana haikukosa mfukoni mwake. Watu walisema hata harusini kwake alikwenda nayo. Mwenyewe hakukanusha.

Spana aliwaamkia, wakamuitikia marahaba. Mama akamwambia takia bado kidogo tu, akae asubiri. Lakini mtu wa pampu hawezi kukaa karibu na vali asiishike. Aliichukua moja mezani, akaitikisa karibu na sikio. Akakiinua kifuniko kwa kidole, kikagota mara moja. Akakiinua tena.

"Mzee, samahani," alisema. "Kifuniko hiki kinainuka kiasi gani?"

"Milimita mbili. Unene wa sarafu."

"Kwa nini mbili? Naona kuna bushi hapa kwenye kijiti, imekizuia kisipande zaidi. Ilikuja hivi?"

Mzee Kerezo alitazama ukutani. Cherehani ikanyamaza. Mama alijua kwamba jambo lolote linalomfanya mume wake atazame ukuta ni jambo linalofaa kusikilizwa.

Basi ikabidi aseme. Miaka thelathini na moja iliyopita, binti yao alipozaliwa, hakuwa mtoto wa kulala. Na vifuniko vya pampu wakati huo viliruka juu na kutua kwa kishindo, ta, ta, ta. Kila mtu akichota maji, mtoto anaamka analia. Wiki ya sita alirudi kutoka kazini akamkuta mkewe amelala kwa kusimama, kichwa kimeegemea ukuta, mtoto mikononi. Siku hiyohiyo alikereza bushi mbili, vibomba vifupi vya shaba, akazivika kwenye vijiti. Tangu hapo vifuniko vikawa vinapanda unene wa sarafu tu na kutua polepole. Pampu ikanyamaza. Mtoto akalala, na mama yake akalala.

"Nilisema nitazitoa mtoto akikua," alimalizia. "Nikasahau."

Miaka yote hiyo mkewe alidhani pampu imekuwa nzito kwa sababu imezeeka, na kwamba yeye naye anazeeka pamoja nayo. Hakuna aliyemwambia kwamba ilifanywa nzito makusudi, ili yeye apate usingizi.

"Kumbe ulininyamazishia pampu," alisema.

"Ulikuwa umelala umesimama."

"Halafu ukasahau."

"Nikasahau kabisa."

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha mteja, na mteja mwenyewe akiwa amekaa pale anatazama.

Spana hakuwa na haraka. Waliponyamaza aliiweka vali katikati ya meza. Akamwambia mzee kwamba tundu lake halina tatizo. Kilicho kidogo ni mlango.

Mzee Kerezo akashtuka kidogo, akakaa vizuri kwenye kiti. Mlango gani tena? Tundu ndilo mlango. Milimita arobaini, vidole viwili vinapita bila kugusana.

"Sawa, mzee. Lakini maji yakishapita kwenye tundu yanakutana na nini?"

"Kifuniko."

"Yanapitaje kwenye kifuniko?"

Mzee alikiinua kifuniko kwa kidole, akachungulia. Maji hayawezi kupita katikati ya kifuniko. Lazima yageuke na kutoka pembeni, kuzunguka ukingo wote, katika ule uwazi ulio kati ya sahani na kifuniko kilichoinuka.

"Huo uwazi ndio mlango wa pili," alisema Spana. "Maji yanapita milango yote miwili. Ule mwembamba ndio unaoamua. Mwingine hata uwe mkubwa kama geti, haukusaidii kitu."

Mzee alikubali kwa kichwa, ila moyo ulikuwa bado unabishana. Aliuliza uwazi kama ule unapimwaje. Tundu ni duara, hilo analijua. Lakini uwazi wa pembeni umezunguka, hauna mwanzo wala mwisho. Ni umbo gani hilo?

Spana alitazama huku na huku akitafuta kitu cha kuonyeshea. Macho yakatua kwenye takia lake la bluu.

"Mama, hili lina upana gani?"

"Sentimita arobaini. Si ndivyo ulivyoagiza?"

Spana akapiga meza kwa kiganja. Akawaambia kwamba hapo wana vali ya mzee yenyewe, imekuzwa mara kumi. Milimita moja ya vali ni sentimita moja ya takia. Uso wa takia, lile duara la juu, ndilo tundu. Na ubavu wa takia, ule ukanda unaozunguka, ndio uwazi ambao maji yanatokea.

Hapo mama akatoka kwenye cherehani. Matakia yalikuwa mambo yake, na hakuna mtu wa kumfundisha.

"Ubavu hauzunguki," alimwambia mumewe. "Unazunguka ukishashonwa. Kabla ya hapo ni kitambaa kirefu kilichonyooka. Kina urefu na kina kimo, basi."

"Urefu wake kiasi gani?" aliuliza mzee.

"Kwa duara la arobaini? Mia moja ishirini na sita, bila pindo la mshono."

Alisema bila hata kufikiri. Mumewe akauliza amejuaje. Akajibu kwamba kwa duara lolote duniani, ukanda wa kulizunguka ni upana wake mara tatu na kipande. Arobaini mara tatu ni mia moja na ishirini, na kile kipande ni karibu sita. Washonaji wageni hukata mia moja na ishirini kamili, halafu wanashangaa takia halifungi. Spana akaongeza kwamba shuleni kipande hicho huandikwa hivi: tatu nukta moja nne. Mama akasema wanaweza kukiandika wapendavyo, yeye amekijua kwa mkasi.

Alichukua karatasi ngumu anayotumia kukatia vielelezo. Kwa mkono wa kushoto alishika mkasi, na kwa mkono wa kulia, ule mgonjwa, alikandamiza karatasi isiteleze. Alikata duara la sentimita arobaini. Kisha akakata ukanda mrefu wa sentimita mia moja ishirini na sita.

"Kimo cha ukanda?" aliuliza.

"Kifuniko kinainuka milimita mbili," alisema Spana. "Kwa hiyo hapa ni sentimita mbili."

Mama akaukata sentimita mbili. Ulikuwa mwembamba kama mkanda wa gauni. Wakavilaza vyote viwili sakafuni, na mama akamtuma mume wake jikoni alete maharage na kikombe kidogo cha kahawa.

Wakaanza kulijaza duara kwa maharage, tabaka moja, bila kuyapandanisha. Watu wazima watatu walipiga magoti sakafuni. Kikombe kimoja kikaingia. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Duara lilienea kwa vikombe vitano.

Kisha wakaujaza ukanda. Kikombe kimoja, na ukaenea.

Mzee Kerezo alikaa juu ya visigino vyake. Alihesabu tena kwa macho. Tano hapa, moja pale. Mlango ambao maji yalitokea ulikuwa sehemu moja ya tano ya tundu alilojivunia.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "nimekuwa nikimlazimisha mke wangu kusukuma vikombe vitano kwenye nafasi ya kikombe kimoja."

"Kwa nguvu za mikono," alisema Spana. "Ndiyo maana inakuwa nzito."

"Na nilipopanua tundu?"

Spana akamweleza kwamba alipopanua tundu, duara lake liliongezeka, na ukanda nao ukarefuka kidogo. Lakini kimo chake kilibaki kilekile, unene wa sarafu. Ndiyo maana mama alipata nafuu ya mipigo miwili na si zaidi.

Mama alimwekea mumewe mkono begani, ule wa kulia, akauacha hapo, kisha akarudi kwenye mkasi.

"Sasa tufikiri," alisema. "Kimo cha mbili kinakula kikombe kimoja. Nikitaka ukanda ule vikombe vitano?"

"Kimo cha kumi," alisema mzee.

Mama alikata ukanda mwingine, urefu uleule, kimo sentimita kumi. Akayakusanya maharage yote ya duara akayahamishia kwenye ukanda. Yakaenea mpaka pembe ya mwisho. Halikubaki hata moja, isipokuwa lile aliloangusha mzee chini ya kabati.

Kumi ni robo ya arobaini. Spana akawaambia kwamba hiyo ndiyo kanuni, na haibadiliki, tundu liwe dogo kama kifungo au kubwa kama sinia. Kwa vali ya kifuniko bapa kama hii, kifuniko kikiinuka robo ya upana wa tundu, mlango wa pembeni unakuwa sawa na tundu lenyewe. Akachukua chaki ya mama ya kuchorea vitambaa akaandika hesabu kwenye karatasi. Ukubwa wa duara ni nusu ya upana, mara nusu ya upana, mara tatu nukta moja nne. Ishirini mara ishirini ni mia nne. Mara tatu nukta moja nne, ni elfu moja mia mbili hamsini na sita. Ukubwa wa ukanda ni urefu mara kimo. Urefu ni arobaini mara tatu nukta moja nne. Mara kimo cha kumi, ni elfu moja mia mbili hamsini na sita. Mzee alizirudia zote mbili kwa kalamu yake mwenyewe, maana hakuwa mtu wa kusadiki chaki ya mtu mwingine. Zilikuwa sawasawa.

Sasa damu ya fundi ilimchemka. Akasema basi bushi azitupe kabisa, kifuniko kiruke kinavyotaka, pampu iwe nyepesi kama unyoya. Lakini mkewe alikuwa amekwisha kukata ukanda wa tatu, kimo sentimita kumi na tano. Alimwaga maharage yaleyale juu yake. Yakaenea sehemu, sehemu nyingine ikabaki karatasi tupu.

"Maharage hayaongezeki, Fundi," alisema. "Yanatoka kwenye duara lilelile."

Spana akafurahi kuliko mwalimu aliyefaulisha darasa zima. Akaeleza kwamba ukipita robo, tundu lenyewe ndilo linalobana, hupati maji zaidi. Unapata hasara. Kifuniko kinakuwa na safari ndefu ya kushuka, na kabla hakijafika, maji yameshaanza kurudi chini. Tena kinatua kwa kishindo kikubwa. Mwishoni akamkumbusha mzee apime pia nafasi iliyo kati ya ukingo wa kifuniko na ukuta wa silinda, maana maji hupita na hapo. Mzee alipima palepale. Palikuwa na nafasi ya kutosha.

Mama akamalizia takia, na Spana akaondoka nalo kwapani. Mama alikataa katakata kupokea malipo.

Ijumaa Mzee Kerezo alifika karakana kabla ya wenzake. Alikereza bushi mbili mpya, fupi, akazipima mara tatu. Vifuniko viliinuka milimita kumi kamili. Kisha akachukua chaki akaandika kwenye mlango wa karakana, kwa herufi kubwa: PIMA UPANA WA TUNDU. GAWANYA KWA NNE. HICHO NDICHO KIMO CHA KIFUNIKO KUINUKA. Wenzake walipofika wakauliza kumetokea nini. Akawaambia amefundishwa na mke wake.

Jioni alizirudisha vali, akakwangua pia ukoga wa utelezi uliokuwa umeota kwenye saruji kuzunguka pampu. Alipiga mpini mara chache. Kwake ulikuwa mwepesi. Lakini mikono yake haikuwa na ugonjwa, na hilo lilimfanya asifurahi mapema. Na sauti ilikuwa imerudi. Ta, ta, ta, mpaka ukuta wa jirani uliitikia.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Mzee alimwambia anaweza kuweka kipande cha ngozi chini ya kifuniko, ipunguze kelele kidogo, maana itakuwa inamsumbua.

"Iache," alisema mkewe. "Mtoto ameshaamka, Fundi."

Mzee akamwomba ajaribu pampu. Mkewe akakataa. Alikuwa ameshona tangu asubuhi, mkono umechoka, na mkono ule kwa siku una safari moja tu. Angejaribu kesho. Mzee hakubembeleza, lakini usingizi wake siku hiyo ulikuwa wa vipande vipande.

Jumamosi binti alifika saa nane mchana. Aliwakumbatia wote wawili, akashika mkono wa kulia wa mama yake akaukagua kidole kwa kidole. Alikuja na begi kubwa, na mzee alipolipokea alikuta halina uzito. Lilikuwa tupu. Alijua limeletwa kubeba nguo za nani. Akaliweka nyuma ya mlango, na hakuna aliyelitaja.

Binti alikuwa ameamka alfajiri kuwahi basi. Mama alimwambia akajinyooshe kidogo kwenye kitanda chake cha zamani. Hakumaliza hata kuvua viatu, usingizi ukamchukua. Mzee Kerezo alivuta kiti akakaa karibu na mlango wa chumba, kama alivyokuwa akikaa zamani. Alisikia hatua za mkewe zikielekea uani. Alisikia ndoo ikiwekwa chini.

Ta.

Alishika magoti yake kwa mikono miwili.

Ta. Ta. Hapo ndipo alipokuwa akiishia Jumatatu. Ta. Ta. Hapo ndipo alipoishia Jumatano. Pakapita kimya kidogo, mzee akafumba macho.

Ta.

Kitandani binti alifumbua macho. Alisikiliza, akamwona baba yake pale kwenye kiti, akainuka kwa kiwiko.

"Baba, kama wewe uko hapa, nani anapiga pampu?"

Mzee alimwonyesha kidole asubiri. Alikuwa anahesabu kwa midomo. Nane. Tisa. Binti akakaa, akaanza kuhesabu pamoja naye, taratibu, bila kujua kwa nini baba yake anatokwa na machozi. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Kimya. Ndoo ikaburutwa pembeni. Mzee akashusha pumzi ndefu, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

Ta.

"Ndoo ya mama si inajaa kwa kumi na mbili?" binti aliuliza.

"Yake imejaa," alisema Mzee Kerezo. "Hiyo ni yako, ya kuoga."

Binti alikwenda dirishani. Mama alikuwa anapumzika, mkono kiunoni, kisha anapiga mpigo mmoja, kisha anapumzika tena. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya mpini na wa kulia chini yake, ukisaidia. Alikuwa anajisemesha, pengine anamsema mtu. Binti alisimama pale mpaka ndoo ya pili ikajaa. Alilia kidogo na akacheka kidogo, halafu akatoka kwenda kuoga.

Jumapili alirudi kwake. Begi lilikuwa na takia moja la duara, jekundu, upana sentimita arobaini, ubavu kumi. Wakati anaagana na baba yake mlangoni, kule uani mama alikuwa tayari anapiga pampu, na ilibidi waongee kwa sauti ya juu ili wasikilizane.